Mbwa Anayeamua Mwenyewe: Miaka Mitatu na Kusi

Mwaka huu watu watatu wameniuliza jambo lilelile: wamchukue mbwa kama Kusi wangu, au wamwache? Wawili ni wauguzi kutoka Kenya ninaofanya nao kazi, mmoja ni dada wa Unguja anayeishi Leicester. Kila mmoja ameona mbwa anayetafutiwa nyumba: miguu mirefu, kiuno chembamba kama cha nyigu, nywele laini zinazoning'inia masikioni, macho makubwa ya upole. Ameambiwa ni mchanganyiko wa saluki, yule mbwa wa kuwinda wa Waarabu, mtulivu, hapigi kelele. Yote hayo ni kweli. Lakini nami niliambiwa hayohayo, na kilichofuata kiliniliza, kikanitia deni, na karibu kimuue mbwa mwenyewe. Kwa hiyo nimewajibu: kabla hujatia saini, kaa nikusimulie.

Mimi ni mwenyeji wa Tanga. Nilikuja Uingereza mwaka 2019 kutunza wazee, na kazi ikanipeleka Lincolnshire, karibu na Spalding. Zamani sehemu ile ilikuwa kinamasi. Ikakaushwa kwa mifereji, na leo ni mashamba ya ngano, kabichi na viazi, tambarare kama kiganja, yanakwenda mpaka jicho linachoka. Msomaji alishike hilo la utambarare, maana ndilo lililomfikisha Kusi kwangu.

Mashamba hayo yana sungura wa porini, wale wakubwa wenye ncha nyeusi masikioni. Hawachimbi mashimo. Hulala juu ya ardhi na kutegemea mbio zao. Kuna watu wanaowaachia mbwa wawafukuze na kuwekeana dau nani atashinda. Sheria ya uwindaji ya 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, iliharamisha jambo hilo England na Wales. Mwaka 2022 adhabu zikaongezwa: faini isiyo na kikomo, kifungo cha hadi miezi sita, na mahakama inaweza kumpiga mtu marufuku asimiliki mbwa. Bado wanakuja usiku na alfajiri, mavuno yakishatolewa na mashamba yakawa wazi, na mbwa wanayemtaka kuliko wote ni mwenye damu ya saluki. Greihaundi, mbwa mwingine wa mbio, ana kasi ya ajabu lakini pumzi yake ni ya muda mfupi. Saluki ana pumzi ya kwenda kilomita kwa kilomita. Ukizichanganya damu hizo mbili unapata mbwa anayeweza kumchosha sungura mahali pasipo hata kichaka cha kujificha. Mbwa huyo akiumia, au asipopata ushindi, au msimu ukiisha, hutupwa.

Kusi aliokotwa Novemba 2021 kwenye ukingo wa mfereji, mbavu zikihesabika, ana makovu kwenye miguu ya mbele. Hakuwa na ile chipu ndogo ya utambulisho ya chini ya ngozi, ingawa England kila mbwa alipaswa kuwa nayo tangu Aprili 2016. Kituo cha mbwa waliotupwa kilimkadiria umri wa miaka miwili. Nilimchukua Januari 2022 kwa pauni 220. Jina la Kusi nilimpa mimi, kwa ule upepo unaosukuma majahazi.

Waingereza humwita mbwa wa aina hii lacha. Lacha si kabila la mbwa lenye hati. Ni mseto wa mbwa wa mbio anayewinda kwa macho na mbwa mwingine, mara nyingi wa kazi, kama koli wa kuchunga kondoo au teria. Ndiyo maana hawafanani hata ndugu wa tumbo moja. Kusi ni saluki na greihaundi, na daktari anadhani ana koli kidogo kwa mbali. Mimi, ukiniuliza, nasema saluki ndiye aliyeshika usukani.

Nilipompigia mama simu, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, mbwa ndani ya nyumba? Na sala je?" Sisi pwani tumelelewa katika madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito, chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sikumbishia. Mimi si mtoa fatwa, na sitamwambia mtu yeyote afanye nilivyofanya. Nilitenga chumba kimoja ambacho Kusi hajawahi kukanyaga, nguo za sala zinakaa humo, na bakuli zake haziingii kwenye sinki la vyombo vyangu. Ami yangu aliyeko Muscat ndiye aliyeniuliza, "Mbwa gani?" Nikamtumia picha. Akajibu, "Huyo si kelbu, binti yangu. Huyo ni saluki." Kwa Waarabu wengi wa Ghuba ndivyo ilivyo tangu enzi: kelbu ni mwingine, na saluki ni mwingine, mwindaji anayelala hemani pamoja na watu. Ami alishangaa mbwa huyo amefikaje Lincolnshire. Nikamweleza nilichokisoma, kwamba mwaka 1895 Florence Amherst alipata jozi ya saluki akaanza kuwazalisha huku, kwamba askari waliotoka Mashariki ya Kati baada ya Vita vya Kwanza waliwaleta wengine, na kwamba mwaka 1923 wakatambuliwa rasmi kama kabila la mbwa. Ami akasema, "Basi mfuate tabia yake, usimlazimishe tabia ya mwingine." Nilidhani ni maneno ya mzee tu.

Siku tatu za mwanzo Kusi hakula mbele yangu. Hakutikisa mkia. Nikiingia chumbani anatazama pembeni, kama mgeni anayesubiri kuambiwa akae wapi. Nilikuwa nimezoea mbwa wa kwetu, wale wanaokukimbilia hata kama jana uliwafukuza kwa fagio, nikadhani huyu hanipendi. Leo najua mbwa mwenye damu ya saluki hamfungulii mtu moyo siku ya kwanza. Anakuchunguza kwa wiki, wengine kwa miezi. Ukimfuatafuata kwa kumpapasa anazidi kurudi nyuma. Kilichosaidia ni kukaa sakafuni nikisoma, mgongo nimempa yeye, na kipande cha kuku kimewekwa pembeni bila maneno.

Kosa langu la kwanza lilikuwa wiki ya pili. Nilirudi kazini usiku nikamkuta amelala kwenye kochi, macho nusu wazi kama walalavyo wengi wao. Nikadhani ananiona. Nikainama kumkumbatia. Aliruka na meno yake yakapita karibu kabisa na shavu langu. Hakuniuma, lakini nilitetemeka mpaka asubuhi. Mbwa aliyelala nje, au aliyelazwa mahali pa vurugu, hushtuka hivyo akiguswa usingizini. Tangu siku hiyo humwita jina kwanza, nasubiri ainue kichwa, ndipo namkaribia. Wenye watoto wadogo walizingatie hili kuliko yote niliyoyaandika hapa: kitanda cha mbwa huyu kiwe mahali ambapo mtoto hafiki.

Kosa la pili lilikuwa la mafunzo. Nilijua mbwa hufunzwa kwa kurudiarudia, nikajiwekea nusu saa kila jioni. Mara ya kwanza nilimwita akaja. Ya pili akaja. Ya tatu alinitazama. Ya nne alikwenda kulala. Nikapandisha sauti. Sikupiga, sikutupa kitu, nilipandisha sauti tu, na Kusi akajibanza nyuma ya kochi na kwa siku mbili hakupokea chakula mkononi mwangu. Pia nilikuwa nikimlazimisha kukaa kitako kwenye sakafu ngumu, nisijue kwamba miguu mirefu na misuli ile ya mapajani hufanya mkao huo uwe taabu kwa wengi wao. Mfundishe kulala chini kwenye zulia, au kusimama na kusubiri. Inatosha kabisa.

Jirani yangu, mzee aliyefanya kazi mashambani maisha yake yote na kufuga lacha kwa miaka arobaini, alinikuta nje nalalamika. Akaniambia: "Huyu hakuzaliwa kusubiri amri. Wahenga wake waliachiwa wamfuate swala mpaka wapotee machoni pa mwenye mbwa. Huko mbali hakuna wa kuwaambia wapinde wapi. Aliyesubiri kuambiwa alirudi bila kitu." Kisha akanielekeza: dakika tatu, si thelathini. Mara mbili tatu kwa siku. Akifanya vizuri, acha hapohapo, angali anataka zaidi. Na usimwite kamwe kwa jambo asilolipenda. Kama unataka kumwogesha au kumkata kucha, mfuate mwenyewe pale alipo.

Kwa majuma manne mambo yalienda vizuri, nikajiona nimeiva.

Nikanunua kamba ya mita 15 nikaifunga kwenye kola yake ili apate uhuru kidogo. Njiwa akaruka. Mbwa hawa hawahitaji uwanja wa kuongeza mwendo. Hatua chache tu wameshafika kasi kubwa. Kamba ilipofika mwisho, Kusi aligeuka hewani akaanguka chali. Nilisikia sauti yake na nilidhani shingo imevunjika. Ilikuwa misuli tu, kwa rehema ya Mungu, na pauni 180 za daktari. Kamba ndefu hufungwa kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, na hata hivyo usimwachie zaidi ya mita chache za kulegea. Mkanda uwe wa mikanda mitatu, mmoja ukipita nyuma ya mbavu kwenye kiuno, kwa sababu mkanda wa kawaida huuvua kwa kurudi nyuma mara moja. Kola nayo iwe pana, ya aina inayojikaza kidogo ikivutwa, maana vichwa vyao ni vyembamba kuliko shingo na kola ya kawaida huteleza ikatoka.

Ningekuwa mwerevu ningejifunza jambo zima siku hiyo. Nilijifunza habari ya kamba tu.

Jumapili moja ya Machi 2022 nilikuwa siko zamu. Kusi alikuwa amekwisha kuitikia filimbi mara nyingi sana kwenye bustani ya mjini, mpaka watu wakanisifu. Tukatembea njia ya kando ya mfereji, ngano ikiwa fupi kama nyasi za uwanjani, hakuna mtu, hakuna barabara karibu. Saa nne asubuhi nilimfungulia kamba. Alikimbia duara, akarudi, nikampa zawadi yake, nikamshukuru Mungu kwa mbwa yule. Mara ya pili alisimama. Masikio yakainuka, mkia ukanyooka, mwili wote ukawa kama umechongwa. Mimi sikuona kitu. Nikapuliza filimbi. Sungura akatoka ardhini umbali kama wa kiwanja cha mpira, na Kusi akaondoka.

Sijawahi kuona kitu kizuri na cha kutisha kama kile. Baada ya dakika moja alikuwa nukta. Baada ya mbili hakuwepo. Nilipuliza filimbi mpaka midomo ikafa ganzi. Watu husema mbwa hawa ni wakaidi, na nimechoka kulisikia neno hilo. Kusi hakunikaidi. Filimbi yangu haikumfikia. Mbwa anayewinda kwa macho akishashika windo, akili yake yote iko kwenye kile kiumbe kinachokwenda mbele yake, na masikio ni kama yamefungwa. Hakuna zawadi itakayomgeuza dakika hiyo, na wala hakuna adhabu.

Nilimpigia mzee jirani. Alikuja na gari lake akauliza kitu kimoja tu: "Alielekea upande wa kondoo?" Ilikuwa Machi, wana-kondoo wamezaliwa. Huku mbwa akisumbua kondoo, mwenye mbwa ametenda kosa kwa sheria ya 1953, na mfugaji akimpiga risasi mbwa huyo ili kulinda mifugo yake, sheria inaweza kumkinga. Mzee alimpigia simu mwenye kondoo, akamwomba asifyatue, ni mbwa wa jirani yake, tunamtafuta. Simu ile pengine ndiyo iliyomwokoa. Ndiyo maana siku hizi nawafahamu wenye mashamba wote wanaonizunguka na nina namba zao.

Tulimpata saa nane mchana kando ya mtaro, amelala, ngozi imechanwa na seng'enge kutoka begani mpaka mbavuni kama kanga iliyoraruliwa. Nyayo zilikuwa nyama tupu. Alipotuona alitikisa ncha ya mkia. Ngozi zao ni nyembamba mno; jeraha ambalo kwa mbwa mwingine ni mkwaruzo, kwao ni la kushonwa.

Ilikuwa Jumapili, kwa hiyo kliniki ya dharura, bei ya dharura. Mshono wa nje na wa ndani, mpira wa kutoa maji, dawa, kulazwa usiku mmoja: pauni 1,870. Bima sikuwa nayo. Nilikuwa nikisema mwezi ujao, mwezi ujao. Mshahara wangu baada ya kodi haukufika hata pauni 1,600. Nililipa kwa miezi tisa, na miezi miwili kati ya hiyo sikutuma kitu Tanga. Aibu ya kumweleza mama sababu ilikuwa nzito kuliko deni lenyewe. Kazini nilijifungia chooni nikalia, kisha nikanawa uso nikaenda kumlisha bibi wa chumba namba sita. Kata bima siku unayomleta nyumbani, na usome kipindi cha kusubiri kabla haijaanza kufanya kazi.

Wiki iliyofuata nilipiga simu kituoni kusema namrudisha. Mwanamke aliyepokea simu hakunilaumu. Alisema watampokea, kisha akauliza, ili aandike kwenye faili: "Amefanya kosa gani?" Nikafungua mdomo. Nilitafuta kosa la Kusi sikuliona. Niliyefungua kamba ni mimi. Nikamwambia nitapiga tena, na sikupiga.

Tulianza upya Mei, mishono ilipopona. Filimbi ilikuwa imeshaharibika. Kwake ilikuwa na maana ya kitu ambacho mtu hupuliza wakati sungura anakimbia. Ilihitajika sauti mpya, na mzee alisema iwe kali, isikike mbali, na isiwe na hasira ndani yake hata siku moja. Nikafikiri sana. Halafu nikapiga kigelegele.

Nawaambieni, hakuna sauti bora. Kigelegele huwezi kukipiga ukiwa na hasira. Koo lenyewe linakataa. Nilianzia jikoni: kigelegele, kisha dagaa. Dagaa wakavu wasio na chumvi, nanunua kwenye duka la Waafrika Peterborough, na Kusi angeuza nyumba kwa ajili yao. Mara tano kwa siku, kwa mwezi mzima, ndani tu. Mwezi wa pili uani. Mwezi wa tatu kwenye uwanja wenye uzio. Sikukipiga hata mara moja pale nilipojua hatakuja, kwa sababu kila mwito unaopuuzwa unamfundisha kwamba mwito unaweza kupuuzwa.

Viwanja hivyo vya uzio ni neema kubwa. Wakulima wengi siku hizi wanazungushia eka moja mbili uzio wa mita 1.8 na kukodisha kwa saa. Mimi hulipa pauni 10, mara mbili kwa wiki. Urefu huo ni muhimu. Uzio wa nyumba yangu ulikuwa mita 1.2, na Kusi aliuruka akiwa amesimama, bila kukimbia, kama mtu anayepanda ngazi. Mwenye nyumba aliniruhusu kuuinua kwa gharama yangu, pauni 640.

Jambo lililobadilisha maisha yetu kuliko yote ni kujifunza kumsoma. Kabla hajakimbia kuna kitambo kidogo, sekunde mbili hivi, masikio yanapoinuka na shingo kurefuka. Hapo bado yuko nami. Ukimpigia kigelegele wakati huo anageuka. Ukisubiri mpaka mguu wa mbele uinuke, umechelewa. Kwa hiyo nikiwa matembezini mimi ndiye ninayetazama mbali, si simu. Namwona paa au sungura kabla yake, nageuza njia. Na ile hamu ya kufukuza siizimi, kwa sababu haizimiki. Naipa mahali pake: nina fimbo ndefu yenye kamba na kipande cha manyoya mwishoni, naizungusha uwanjani. Anasubiri nimwambie "haya", anafukuza, anakamata, nasema "basi", anaachia, anapata dagaa. Alichukua wiki sita kuielewa "basi". Dakika tano za mchezo huo humchosha kuliko saa nzima ya kutembea, na akirudi nyumbani hulala mpaka magharibi.

Ndiyo, hulala. Wengi wanaogopa kwamba mbwa wa mbio atabomoa nyumba. Kusi hulala karibu mchana kutwa, anatoka kama mshale kwa dakika chache, anarudi kulala. Kinachomshinda ni baridi, kwa kuwa mwilini hana mafuta. Bila koti la majira ya baridi anatetemeka mlangoni. Na chakula kilichoachwa juu ya meza si chako tena. Alipata kuku mzima wa Idi akiwa amesimama tu, shingo ikafika.

Kwa daktari kuna mambo mawili nayasema kila ninapokwenda. Kwanza, dawa za usingizi: mbwa hawa wembamba huzipokea tofauti, hasa zile za kundi la tiopentali, ambazo huchukua muda mrefu kuwatoka. Mkumbushe daktari hata kama unadhani anajua. Pili, vipimo vya damu. Mwaka 2023 daktari mmoja aliona homoni ya tezi ya shingo iko chini, akataka kumwanzishia vidonge vya maisha. Daktari wa pili, mwenye uzoefu na mbwa hawa, alisema kiwango cha kawaida cha saluki na greihaundi kiko chini kuliko cha mbwa wengine, na Kusi hana ugonjwa. Kwa vidonge hivyo ningekuwa natoa fedha kila mwezi mpaka leo.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Mara mbili wanaume nisiowajua wamenisimamisha kwenye kituo cha mafuta wakauliza anakimbiaje na nitamuuza kwa bei gani. Mmoja alitoa noti hapohapo. Mbwa wa namna hii huibwa. Simfungi nje ya duka, simwachi uani peke yake, simpigi picha karibu na nyumba. Kibati cha kolani kina jina langu la ukoo na anwani, kama sheria inavyotaka mbwa akiwa hadharani, lakini jina lake mwenyewe halimo, asije mtu akamwita.

Sasa ana miaka mitano hivi. Uwanjani huitikia kigelegele karibu kila mara, hata mbwa wengine wakiwepo. Je, namfungulia kwenye mashamba ya wazi? Hapana, na sitamfungulia. Wapo watakaokwambia mafunzo mazuri yanatosha. Labda kwa mbwa wao. Kwa huyu, sungura mmoja kwenye shamba tambarare ni mkubwa kuliko miaka mitatu ya dagaa, na sioni unyonge wowote kulikubali hilo. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Kusi alinifikia ameshakauka, na hata mwenye kumpata mtoto wa miezi miwili ajue kwamba akifika miezi minane au kumi atasahau yote kwa muda, maana hawa hupevuka polepole, wengine mpaka miaka mitatu.

Mama huuliza siku hizi kama Kusi amekula, kabla hajauliza kama mimi nimekula.

Jumamosi hii mmoja wa wale wauguzi wa Kenya anakuja nasi uwanjani. Nimemwambia asilete zawadi, asimwite, asimkodolee macho. Akae kwenye nyasi asubiri mbwa aamue. Pale kuna mageti mawili, moja baada ya jingine. Mwaka jana upepo ulilisukuma la ndani, na Kusi aliliona kabla yangu. La nje ndilo lililotuokoa. Nitamwonyesha jinsi ninavyofanya tangu hapo: nafunga la kwanza, nalitikisa. Nafunga la pili, nalitikisa. Nazunguka uzio mzima kwa miguu, kamba ikiwa mkononi. Ndipo nainama namfungulia.